Yupo au hayupo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufuatilia uwepo wa simu kwenye Home Assistant

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari ana Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba, nyumbani kwake, iwe kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya zamani au kisanduku kilichonunuliwa tayari. Taa zake mbili tatu anaziwasha kwa simu. Sasa anataka nyumba yenyewe ijue nani yumo, ili taa ya kibarazani iwake mama akirudi na pasi isibaki kwenye umeme wote wakiwa wametoka. Kama una haraka, soma majibu kuhusu iPhone, kuhusu umeme kukatika na kuhusu wasio na simujanja. Humo ndimo watu wengi wanamokwama.

Mfumo unajuaje kwamba mtu yupo?

Haujui. Unajua kwamba simu yake ipo, nasi tunakubali kwamba simu na mwenyewe wako pamoja. Kila simu unayoifuatilia hupewa kitu kinachoitwa device_tracker, ambacho hapa nitakiita kifuatiliaji. Hali yake huwa home, au not_home, au jina la eneo ulilolichora mwenyewe kwenye ramani, kama Kazini au Shuleni. Habari hukifikia kifuatiliaji kwa njia tatu: waifai ya nyumbani, GPS ya simu, na Bluetooth.

Kuna jambo moja nitakalolirudia mpaka mwisho. Simu ikionekana kwenye ruta, ipo, hakuna ubishi. Isipoonekana, huenda imeondoka, huenda imelala, imeisha chaji, mtoto amezima waifai atumie bando lake, au ruta yenyewe imezima. Kwa hiyo "yupo" liamini papo hapo, na "hayupo" lisubirie. Karibu kila tatizo ninaloletewa limetokana na kanuni, yaani agizo la "likitokea hili, fanya lile", iliyoyapa maneno haya mawili uzito sawa.

Nianze na njia ipi?

Anza na ruta. Ruta ndiyo inayogawa anwani za IP na ndiyo inayojua nani ameunganishwa, kwa hiyo kuiuliza yenyewe ni rahisi na hakuchoshi betri ya simu yoyote. Home Assistant ina viunganishi, yaani vipande vya programu vinavyoiwezesha kuongea na vifaa, vya MikroTik, UniFi, Omada ya TP-Link, ASUS, FRITZ!Box, OpenWrt (programu huria ya ruta) na vingine vingi. Fungua Settings, kisha Devices & services, andika jina la ruta yako uone kama lipo. Kwa MikroTik lazima kwanza uwashe huduma ya API kwenye ruta, inayoruhusu programu nyingine kuiuliza. Inasikiliza kwenye mlango (port) wa 8728. Itengenezee akaunti yake yenye ruhusa chache, usitumie ile ya admin.

Baada ya ruta, ongeza GPS kupitia programu ya Home Assistant kwenye simu. Bluetooth iache mpaka hizo mbili zimetulia.

Ruta yangu ni ile ya laini ya simu. Inafaa?

Mara nyingi inafaa. Kwa ruta za Huawei kuna kiunganishi kiitwacho Huawei LTE ambacho husoma orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Zile zilizowekewa programu ya mtandao wa simu wakati mwingine huwa na ukurasa wa ndani uliopunguzwa, na hapo utapata baadhi ya taarifa tu. Kama ruta yako haina kiunganishi chochote, tumia ping au Nmap, au fanya nilivyofanya mimi: nunua kisambaza waifai kidogo kinachokubali OpenWrt, kichomeke kwenye ruta ya laini kwa waya, na simu zote za nyumbani ziunganishwe na hicho. Ukibadilisha mtandao wa simu kesho, ufuatiliaji wako hautaguswa.

Ping na Nmap vinatofautianaje na kuisoma ruta?

Kuisoma ruta ni kumuuliza mlinzi getini ameona nani akiingia. Ping na Nmap ni kupita ukigonga mlango mmoja mmoja. Ping hugonga anwani moja unayoitaja, kwa hiyo kwanza uiwekee simu hiyo anwani ya IP ya kudumu kwenye ruta. Nmap hupita mtandao mzima, ukiiandikia 192.168.1.0/24 itapitia anwani 256.

Ukitumia Nmap ndani ya Docker (mfumo unaofungia programu ndani ya kontena), kontena lazima itumie mtandao wa kompyuta yenyewe, la sivyo haitaziona anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa, na vifaa vyako havitatambulika. Na usiiache igonge kila dakika. Kuna mpangilio unaoiambia ikiisha kuona kifaa, ikae dakika kadhaa bila kukigonga tena. Mimi naweka 10. Betri za simu zitanufaika.

Kwa nini iPhone ya mke wangu "inaondoka" saa sita usiku ilhali amelala?

Kwa sababu nayo imelala. iPhone ikizima kioo hupunguza kazi ya waifai ili kutunza betri, na hapo haijibu ping. Simu nyingi za Android hufanya hivyo pia, ila iPhone ndiyo inayolalamikiwa zaidi.

Dawa ni mpangilio wa consider_home. Huo ni muda ambao mfumo unaendelea kumhesabu mtu kuwa yupo baada ya simu yake kutoonekana. Kwa viunganishi vingi huanza na sekunde 180, yaani dakika tatu, na kwa simu inayolala hizo hazitoshi. Weka 900, yaani robo saa. Watu huogopa kwamba nyumba itachelewa kujua wametoka. Ni kweli, itachelewa, na hasara yake ni taa kuwaka dakika kumi na tano zaidi. Hasara ya upande wa pili ni kengele kulia watu wakiwa vitandani. Chagua ya kwanza bila kusita.

Kurudi hakuchelewi hata kidogo: simu ikishika waifai, mfumo unamhesabu kuwa yupo mara tu unapoisoma ruta.

Simu moja imejitokeza kama vifaa vitatu. Nini hiki?

Ni anwani ya MAC ya kubuni. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu kwa kawaida haziupi mtandao anwani yake halisi. Kila jina la waifai hupewa anwani yake. Ni ulinzi mzuri unapokuwa mgahawani au uwanja wa ndege. Nyumbani unakuvuruga, hasa kama ruta yako ina majina mawili, moja la 2.4 GHz na lingine la 5 GHz. Simu hiyohiyo itaingia na anwani mbili tofauti.

Kuitambua anwani ya kubuni ni rahisi. Tazama tarakimu ya pili kutoka mwanzo. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo ni ya kubuni. Mfano, 5A:10:… ni ya kubuni, 58:10:… siyo.

Kwenye Android fungua mipangilio ya waifai yako ya nyumbani, sehemu ya faragha, na uchague kutumia MAC ya kifaa. Kwenye iPhone gusa jina la mtandao, tafuta Private Wi-Fi Address. Kuanzia iOS 18 kuna chaguo tatu, nawe chagua Off au Fixed. Fanya hivyo kwa waifai ya nyumbani peke yake. Mitandao mingine iache ilivyo.

Faili la known_devices.yaml ni la nini? Nalihariri?

Ni daftari la vifaa kwa viunganishi vya zamani. Kila kifaa kilichowahi kupita huandikwa humo pamoja na MAC yake, na mstari wa track ukiwa true kinafuatiliwa. Kama linajaa simu za wageni, ziwekee false. Viunganishi vipya haviligusi kabisa: vinaweka vifaa vyao kwenye orodha ya kawaida, na huko unawasha kile unachokitaka. Ukiona faili hilo halipo kwako, usilitafute.

Programu ya simu imewekwa, lakini mahali hapasasishwi.

Angalia ruhusa. Programu inahitaji kuruhusiwa kuona mahali wakati wote, na ruhusa ya "wakati programu inatumika" haitoshi, kwa sababu hakuna anayetembea na Home Assistant imefunguliwa mkononi. Kwenye iPhone washa pia mahali sahihi. Kwenye Android iondoe programu katika orodha ya zinazobanwa kutunza betri. Simu nyingi za bei nafuu huua kila kinachofanya kazi nyuma ya pazia, na zingine zina orodha ya pili ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha. Pekua zote mbili.

Kisha tazama eneo la nyumbani kwenye ramani. Huanza na nusukipenyo cha mita 100. Ni kubwa kiasi kwamba mtu akiwa duka la mangi mtaa wa pili bado anahesabiwa yupo nyumbani, na wengi hulipunguza mpaka mita 20. Usifanye hivyo. Ndani ya nyumba ya matofali na bati GPS huyumba, na mtu aliyekaa sebuleni ataonekana anatoka na kurudi mara kumi kwa siku. Aliye dukani kwa mangi acha ahesabiwe yupo.

Nikiwa nje ya nyumba simu haifikii Home Assistant. GPS itapitaje?

Haitapita. Simu inatuma mahali kwenye seva yako, yaani kompyuta yenye Home Assistant, na seva iko ndani ya nyumba. Watu wengi huku kwetu, hasa wa intaneti ya laini ya simu, hawana anwani ya IP ya umma: kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta utazame IP ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko katika hali hiyo, na kufungua mlango wa 8123, ule wa Home Assistant, kwenye ruta hakutakusaidia chochote. Hata ungekuwa na IP ya umma nisingekushauri uufungue hivyo.

Njia mbili zinafanya kazi vizuri. Moja ni Tailscale, inayounganisha simu na seva kana kwamba ziko kwenye mtandao mmoja. Ya pili ni huduma ya kulipia ya Nabu Casa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2018 na waanzilishi wa Home Assistant, na ada hiyo husaidia kuendeleza mfumo wenyewe. Kama huwezi yoyote kati ya hizo, baki na ruta tu. Nyumba nyingi zinaishi vizuri bila GPS.

Nina vifuatiliaji vitatu kwa mtu mmoja. Nitumie kipi kwenye kanuni?

Usitumie chochote kati ya hivyo. Nenda Settings, People, tengeneza mtu, kisha mfungie vifuatiliaji vyake vyote. Kanuni ziandikie kwa mtu. Akibadilisha simu, unabadilisha sehemu moja na hakuna kanuni inayovunjika.

Mfumo huvipatanisha hivi: kifuatiliaji cha ruta au Bluetooth kikisema yupo nyumbani, hicho ndicho kinachosikilizwa. Kama hakuna kinachosema hivyo, inachukuliwa GPS iliyosasishwa mwisho. Kama hata GPS haipo, basi hayupo. Ni mpangilio wa busara, maana waifai haiyumbi kama GPS ndani ya nyumba, na GPS peke yake ndiyo inayoweza kusema mtu yuko Kazini.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Nyumbani kwangu seva ilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba) na ruta haikuwa. Nilidhani nimefanya la maana. Usiku mmoja umeme ukakatika. Ruta ikazima, seva ikabaki macho, na baada ya dakika chache simu zote zikawa not_home. Mfumo ukaona watu wote wametoka, ukaiwasha kengele ya wezi ianze kulinda kama nilivyouagiza. Saa nane usiku mwanangu akaenda msalani, kihisi cha ukumbini kikamwona, king'ora cha betri kikalia. Majirani walitoka na marungu. Mtoto alilia mpaka alfajiri, na kwa wiki nzima hakutaka kupita ukumbini peke yake.

Kosa halikuwa la kifaa chochote. Kila kimoja kilifanya kazi yake. Kosa lilikuwa kanuni iliyosikia "hayupo" bila kuuliza kwanza kama aliyetoa habari yuko hai.

Kwanza, ruta na seva ziwe kwenye chanzo kimoja. Ziwe hai pamoja au zizime pamoja. UPS ndogo ya volti 12 inayochomekwa moja kwa moja kwenye ruta inapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Hakikisha volti na ukubwa wa pini vinalingana na vya ruta yako. Kama una kisambaza waifai cha pembeni, nacho kipewe.

Pili, weka ping kwenye ruta yenyewe, au kwenye kile kisambaza ambacho simu zinakishika, upate kihisi kinachosema ruta ipo hai au la. Kila kanuni inayotegemea watu kuondoka iwe na sharti kwamba ruta imekuwa hai bila kukatika kwa dakika ishirini.

Tatu, umeme ukirudi na kila kitu kikawaka upya, vifuatiliaji hupita kwenye hali za unavailable au unknown kabla ya kusema home. Kanuni ya "karibu nyumbani" iandike kwamba mtu ametoka not_home kwenda home, kwa maneno hayo hasa. Ukiandika "kwenda home" tu, taa zote za kupokea wageni zinaweza kuwaka usiku wa manane kila umeme unaporudi.

Nipe mfano wa kanuni ya nyumba kubaki tupu.

Hii ndiyo ninayoitumia sasa:

```yaml
triggers:
  - trigger: numeric_state
    entity_id: zone.home
    below: 1
    for: "00:15:00"
conditions:
  - condition: state
    entity_id: binary_sensor.ruta
    state: "on"
    for: "00:20:00"
  - condition: state
    entity_id: input_boolean.wageni
    state: "off"
actions:
  - action: light.turn_off
    target:
      entity_id: light.taa_zote
```

Hali ya zone.home ni idadi ya watu waliomo, ndiyo maana below: 1 ina maana hakuna hata mmoja. Majina ya ruta, wageni na taa_zote ni yangu. Weka ya kwako. Ile ya wageni ni swichi ya kawaida unayoitengeneza kwenye Helpers, na swali linalofuata linaeleza kwa nini ipo.

Bibi ana kitochi, watoto hawana simu, dada wa kazi hazimi data yake. Wao je?

Hapa ndipo simu zinapofika mwisho wa uwezo wake, na ni haki tuseme wazi: nyumba inayotambua wenye simujanja peke yake inawazimia taa watu wengine waliomo ndani. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi mwezi mzima, jioni ya kwanza tulitoka kwenda msibani tukamwacha, na baada ya robo saa akabaki gizani kwenye nyumba asiyoijua swichi zake. Alikaa hivyo mpaka tuliporudi. Nilimwomba radhi, na swichi ya wageni nikaiweka usiku uleule.

Swichi hiyo ikiwashwa, hakuna kanuni ya nyumba tupu inayofanya kazi. Iweke pia kama kitufe halisi ukutani karibu na mlango, ili mtu yeyote aweze kuibonyeza bila simu.

Kwa mtoto wa shule, kitufe cha Bluetooth kinachofungwa kwenye begi kinafaa, mradi begi halibaki darasani. Kwa wengine wote tegemea vihisi: mlango uliofunguliwa, mwendo jikoni. Kabla ya kanuni ya kuzima kila kitu, ongeza sharti kwamba hakuna kihisi cha ndani kilichoona mwendo kwa nusu saa.

Naweza kujua mtu yuko chumba gani?

Unaweza, kwa kazi zaidi. Njia moja ni kuweka kibao kidogo cha ESP32 kila chumba, chenye programu ya ESPHome au ESPresense, kinachopima nguvu ya mawimbi ya Bluetooth ya saa au simu. iPhone na Apple Watch hubadilisha anwani zao za Bluetooth kila baada ya muda, hivyo utahitaji ufunguo uitwao IRK na kiunganishi cha Private BLE Device. Android unaweza kuiambia programu ya Home Assistant irushe ishara yake yenyewe.

Njia ya pili haimtaki mtu abebe chochote: kihisi cha rada kama LD2410 cha 24 GHz. Vihisi vya mwendo vya kawaida havimwoni mtu aliyekaa kimya akisoma, rada inamwona kwa sababu anapumua. Upungufu wake ni kwamba pangaboi na pazia linalopeperuka navyo inaviona. Kielekeze mbali navyo, punguza usikivu wake hatua kwa hatua. Kama lengo ni taa za chumbani, rada inashinda Bluetooth bila shaka.

Nifungue mlango au geti lijifungue simu ikifika?

Hapana. Anwani ya MAC inaweza kuigwa na mtu mwenye ujuzi wa wastani, GPS inaweza kuruka, na simu inaweza kuwa mkononi mwa aliyekupora. Uwepo utumie kuwasha taa ya geti na kukuletea kitufe cha kufungua kwenye simu. Kubonyeza ubonyeze mwenyewe.

Ni sawa kumfuatilia kila mtu wa nyumbani?

Mwulize kwanza. GPS ya mwenzako inaonyesha kila alipopita, na Home Assistant kwa kawaida huhifadhi historia kwa siku 10 kabla ya kuifuta. Kwa dada wa kazi au mlinzi usiweke GPS kabisa; kuonekana kwenye waifai kunatosha, naye ajue kwamba anaonekana. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wanafamilia wasiotaka njia zao zihifadhiwe, ondoa vifuatiliaji vyao, pamoja na "mtu" uliyemtengeneza kwa ajili yao, kwenye recorder, sehemu inayohifadhi historia: mfumo utajua wapo au hawapo sasa, bila kuweka kumbukumbu ya jana.

Nitajuaje kwamba imekaa sawa?

Weka vifuatiliaji, tengeneza watu, kisha usiandike kanuni yoyote kwa wiki moja. Kila jioni fungua History, tazama mstari wa kila mtu, na umuulize: ulitoka saa ngapi, ulirudi saa ngapi? Tafuta vipande vifupi vya not_home usiku. Kila kipande cha namna hiyo kinakuambia consider_home ni fupi, au simu ina MAC ya kubuni, au waifai haifiki chumba hicho. Rekebisha moja kwa wakati. Ukipata siku saba zisizo na uongo, anza na kanuni ya taa ya kibarazani. Kengele iwe ya mwisho kabisa.